Dawa za kichwa zinazouzwa bila cheti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kauli inayosikika sana kwenye kaunta ya famasi ni "nipe dawa ya kichwa". Mnunuzi haongezi neno, na muuzaji naye mara nyingi haulizi. Majibu haya ni ya maswali yaliyopaswa kuulizwa pale pale, pamoja na yale yanayomjia mtu akishafika nyumbani, pakiti mkononi. Yanawahusu watu wazima. Watoto na wajawazito wana maswali yao huko chini.

Nianze na dawa gani?

Kwa kichwa cha kawaida, parasetamoli. Ndiyo iliyomo kwenye Panadol, na ndiyo iliyomo kwenye vidonge vingi vya bei nafuu vyenye majina mengine. Mradi dawa imesajiliwa, ya bei ndogo inafanya kazi ile ile; hakuna sababu ya kulipia jina.

Kidonge kimoja huwa na miligramu 500. Mtu mzima anameza kimoja au viwili, anakaa saa nne hadi sita kabla ya kurudia, na kwa saa 24 havuki vidonge vinane. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe kila siku au aliyedhoofu kwa kutokula anahitaji kiwango kidogo zaidi, kwa hiyo amuulize kwanza mfamasia.

Kosa linaloonekana kila siku ni la kumeza kidonge kimoja, kuona hakijafua dafu, kisha kutangaza kwamba "mwili umeshaizoea Panadol". Mwili haujazoea kitu. Mtu mwenye kilo 80 amemeza nusu ya dozi yake, tena saa tatu baada ya kichwa kuanza.

Nitajuaje kama hiki ni kichwa cha kawaida au kipandauso?

Kichwa cha kawaida, kile cha uchovu na mawazo, hubana pande zote mbili, kwenye paji la uso au kisogoni hadi shingoni. Kinaudhi, lakini mtu anaendelea na kazi.

Kipandauso hakikubali uendelee na kazi. Hudunda, mara nyingi upande mmoja, na huzidi ukipanda ngazi au ukiinama kufagia. Tumbo linachafuka. Mwanga wa dirishani unaumiza, redio ya jirani inaumiza, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inaweza kumtoa mtu jikoni. Kisipotibiwa hukaa kati ya saa 4 na saa 72. Baadhi ya watu hupata dalili za kutangulia: vimulimuli, mistari iliyopindapinda machoni, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi shavuni. Hizo hudumu kati ya dakika 5 na 60, kisha kichwa ndipo kinaanza.

Kwa watu wazima, wanawake wanaokipata ni karibu mara tatu ya wanaume, na wengi huona kinafuata siku za hedhi. Pia kinatembea kwenye ukoo. Ukiuliza vizuri, utasikia mama naye alikuwa akijifungia chumbani, ila wakati huo kiliitwa presha au macho, au alipelekwa kwa mganga. Wapo watu wametibiwa malaria mara nyingi bila kupimwa, kumbe ni kipandauso tangu wakiwa shule.

Kwa kipandauso nimeze nini?

Kama huna sababu ya kuzikwepa (tutazitaja), ibuprofeni miligramu 400 au aspirini miligramu 900, yaani vidonge vitatu vya miligramu 300, hufanya kazi vizuri kuliko parasetamoli. Asiyeweza kutumia hizo anameza parasetamoli miligramu 1000. Ile aspirini ndogo ya miligramu 75 wanayopewa wagonjwa wa moyo siyo dawa ya kichwa, hata ukimeza mbili.

Zaidi ya jina la dawa, kinachoamua ni muda. Kipandauso kikishakolea, tumbo hupunguza mwendo: kidonge kinakaa tumboni badala ya kwenda kwenye utumbo kinakofyonzwa. Ndiyo maana aliyesubiri mpaka anatapika humeza dawa ile ile, kwa dozi ile ile, na haoni tofauti. Meza mapema, kichwa kikiwa bado kidogo, na umeze dozi kamili mara moja. Kumega nusu sasa na nusu baadaye ni kukipa kichwa nafasi. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji hufika haraka zaidi, ila vingi vina chumvi ya sodiamu nyingi, havimfai mtu wa presha kuvitumia mara kwa mara.

Baada ya hapo kunywa maji, zima taa, lala. Usingizi ni sehemu ya tiba, usiuonee aibu.

Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kutumika pamoja, kwa kuwa ni za makundi tofauti. Unayetapika kila mara ukiumwa, au ambaye dozi hizi hazikutoshi, nenda kwa daktari. Zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo pia zinalisaidia tumbo kusogeza kidonge, na lipo kundi la triptani, kama sumatriptani, zilizotengenezwa mahsusi kwa kipandauso. Triptani ni za kuandikiwa, na mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa hapewi.

Jambo moja kwa wanawake wanaoona vimulimuli kabla ya kichwa: mwambieni mtoa huduma wa uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, pamoja na kipandauso cha namna hiyo, huongeza hatari ya kiharusi. Njia nyingine salama zipo.

Ibuprofeni na diklofenaki zina tofauti gani?

Ni ndugu. Aspirini nayo ni ya ukoo huo huo, kwa hiyo hazichanganywi: ukimeza moja, nyingine inakaa kabatini. Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi miligramu 1200 kwa siku, na imezwe na chakula. Chai kavu haihesabiki kama chakula.

Diklofenaki ina nguvu, na ndiyo inayotia wasiwasi zaidi. Inauzwa kirahisi mno, hata na machinga asiyejua kilichoandikwa kwenye pakiti, na watu wanaimeza asubuhi kabla ya kwenda kubeba mizigo. Ikitumika mfululizo huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, mbali na kutoboa tumbo na kuchosha figo. Kwa kichwa cha kawaida haina nafasi. Ibaki ya kuandikiwa na daktari.

Nani hapaswi kutumia kundi hilo?

Mwenye vidonda vya tumbo au aliyewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo kushindwa kufanya kazi. Mwenye pumu ambaye kifua humbana akimeza aspirini. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mjamzito. Wote hawa wabaki kwenye parasetamoli.

Nina presha. Kichwa kikiuma, si ndiyo imepanda?

Mara nyingi sivyo. Presha ya juu huwa kimya, ndiyo maana inaua. Usimeze dawa ya presha ya ziada kwa sababu ya kichwa, wala usiache kupima kwa sababu kichwa hakiumi. Pima. Ukikuta 180/120 au zaidi, na kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, kifua kinabana au umechanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi.

Kuhusu dawa: ibuprofeni na ndugu zake hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Ukizichanganya na enalapril au losartani pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia ndani ya siku chache, hasa ukiwa unaharisha au hunywi maji.

Vile vidonge vya jozi vya dukani kwa Mangi vina nini ndani?

Geuza pakiti usome. Vingi ni mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Kafeini siyo mapambo, inaisaidia dawa kufanya kazi vizuri zaidi. Panadol Extra, kwa mfano, ina miligramu 65 za kafeini juu ya miligramu 500 za parasetamoli.

Tatizo ni kwamba vinauzwa kwa kukatwa, mkasi unapita katikati ya maandishi, na mnunuzi anaondoka na vidonge viwili ndani ya kipande cha karatasi kisicho na jina wala kiwango. Mwenye vidonda vya tumbo anameza aspirini bila kujua. Mwingine ameshameza Panadol asubuhi, mchana akanunua hivi, jioni akanywa dawa ya mafua, ambayo nayo mara nyingi ina parasetamoli. Kwa hesabu yake ametumia dawa tatu tofauti kidogo kidogo. Kwa hesabu ya ini lake, ni dawa moja kwa wingi.

Jina la mbele ya pakiti ni la biashara. Jina la dawa huwa limeandikwa kwa herufi ndogo, na hilo ndilo la kulinganisha.

Kichwa kinauma na nina homa. Nimeze tu Panadol?

Meza kushusha homa, kisha nenda kapimwe malaria. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinapatikana hadi kwenye zahanati. Parasetamoli haigusi vimelea. Inakutuliza tu wakati wao wanaongezeka. Kumeza dawa mseto ya malaria bila kupima nako hakufai, kwa sababu kama siyo malaria umepoteza siku, na ugonjwa wenyewe unaendelea.

Mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa afikirie dengi pia. Dar ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019, na watu walijifunza kwa shida kwamba kichwa kinachouma nyuma ya macho, viungo kuuma kama vinavunjika na homa kali, malaria ikiwa haipo, huenda ni dengi. Hapo aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni marufuku, kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mpaka ujue una nini, tumia parasetamoli peke yake na maji mengi. Ukianza kutoka damu kwenye fizi au puani, tumbo kuuma sana au kutapika mfululizo, rudi hospitali hata kama homa imeshuka. Dengi huwa na tabia ya kugeuka mbaya pale homa inapoondoka.

Namaliza pakiti baada ya pakiti, lakini kichwa hakiishi. Nibadilishe dawa?

Huenda dawa ndiyo inayokiuma kichwa. Watu hukasirika wakiambiwa hivi, na inaeleweka, lakini ni jambo linalojulikana vizuri kwa madaktari: anayetumia parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kujitengenezea kichwa cha kila siku. Anaamka nacho, anameza, kinatulia, dawa inaisha nguvu, kinarudi. Wengi walianza na kipandauso cha mara moja moja. Angalia kwamba zinazohesabiwa ni siku, siyo vidonge. Aliyemeza vidonge sita kwa siku moja amehesabu siku moja. Anayemeza kimoja kila asubuhi amehesabu thelathini.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, weka alama kila siku unayomeza dawa yoyote ya maumivu. Mwisho wa mwezi hesabu. Zikifika siku nane au tisa, anza kujihadhari. Zikivuka hapo mwezi hadi mwezi, muone daktari.

Tiba yake ni kuacha. Kwa parasetamoli na ibuprofeni mtu anaweza kuacha kwa mkupuo, lakini ajue kwamba siku za mwanzo, pengine hadi wiki mbili, kichwa kitazidi kabla ya kupungua. Usianze wiki ya mitihani au ya harusi ya dada yako. Mwambie aliye nyumbani. Mwenye kipandauso cha mara kwa mara anaweza kupewa dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata kichwa kisipouma: propranololi na amitriptilini ni dawa za zamani, za bei nafuu, na zinasaidia wengi. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usizitupe baada ya siku tano. Propranololi haimfai mwenye pumu.

Mimi ni mjamzito. Nitumie nini?

Parasetamoli, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa muda mfupi. Achana na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya kutuliza maumivu. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na mimba ikikua zaidi zinaweza kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Aspirini ndogo uliyoandikiwa kliniki ni suala jingine, usiiache.

Lakini kama mimba imevuka wiki 20 na kimekuja kichwa kikali, macho yanaona nyota au ukungu, uso na mikono imevimba, au unaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, usinunue dawa. Nenda ukapimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo, hata usiku. Hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na zinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni. Aspirini aiache.

Mtoto je?

Dozi yake inatokana na kilo, siyo umri wa kukisia: parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kifuniko kilichokuja na chupa, maana kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile. Na soma nguvu ya sharubati: kuna yenye miligramu 120 kwa mililita 5, na kuna yenye zaidi ya hapo.

Aspirini haipewi mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16. Mtoto mdogo anayelalamika kichwa mara kwa mara, au anayeamshwa na kichwa alfajiri na kutapika, apelekwe hospitali.

Kichwa cha Ramadhani nikifanyeje?

Siku za mwanzo ndizo mbaya, na mara nyingi kinachodai ni kahawa na chai uliyoikosa asubuhi, pamoja na maji na usingizi. Punguza kahawa taratibu tangu Shaabani. Wakati wa daku kunywa maji ya kutosha, na ukijijua unaumwa kila siku, parasetamoli daku inakubalika. Usimeze ibuprofeni halafu ukae na njaa mchana kutwa. Wakati wa futari, anza na maji na tende, subiri kidogo kabla ya kukimbilia kidonge; mara nyingi kichwa kinaondoka chenyewe. Aliyepatwa na kipandauso kikali ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Na kichwa cha baada ya kulewa?

Maji, chakula, usingizi. Dozi moja ya kawaida haina neno kwa asiyekunywa kila siku. Anayekunywa kila siku asijipangie parasetamoli mwenyewe, na aspirini au ibuprofeni juu ya tumbo lililochomwa na pombe ni kulichokoza.

Tramado (tramadoli, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni) inasaidia?

Kwa kichwa, hapana. Inaleta utegemezi, inazidisha kichefuchefu, na inarudisha kichwa haraka zaidi kuliko dawa za kawaida. Anayekuuzia kwa siri anakuuzia tatizo.

Kufunga kitambaa kichwani na kupaka mafuta kuna faida?

Bibi zetu hawakukosea. Khanga iliyofungwa kwa nguvu hutuliza baadhi ya watu, kitambaa cha maji baridi pia, na mafuta ya mnanaa yakipakwa kwenye paji la uso husaidia kichwa cha kubana. Usiyapake karibu na macho wala usoni kwa mtoto mchanga. Faida kubwa ya njia hizi ni kwamba hazihesabiwi kwenye ile kalenda ya dawa.

Ni kichwa gani hakitibiwi dukani?

Kilichokuja ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata. Kinachoambatana na homa na shingo ngumu, au kuchanganyikiwa, au degedege. Kinachokuja na mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu au maneno kukwama. Kilichofuata kuanguka kwa bodaboda, hata kama uliamka ukatembea. Kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Kinachozidi wiki baada ya wiki, na kutapika asubuhi.

Anayeishi na VVU na ana kichwa kisichoondoka kwa siku kadhaa aende kliniki yake aeleze wazi. Kuna fangasi wa ubongo anayeanza hivyo, bila makeke, na kipimo cha damu kipo.

Na kuna kichwa cha nyumba nzima. Baba, mama na watoto wote wanaumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, na jiko la mkaa liko ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Makete au Limuru. Hiyo ni gesi ya sumu ya mkaa (kaboni monoksidi), isiyo na harufu. Toeni watu nje kwanza, kisha hospitali.

Nimemeza parasetamoli nyingi kwa bahati mbaya, lakini najisikia salama.

Nenda hospitali sasa, na pakiti yako. Siku ya kwanza mtu anaweza asihisi kitu zaidi ya kichefuchefu, wakati ini linaharibika. Dawa ya kulikinga, asetilsisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Usisubiri macho yawe ya njano. Kama uliimeza kwa makusudi, waambie hivyo hivyo. Wanachohitaji ni saa na idadi, ili wakuhudumie.

Vidonge vilivyobaki kabatini bado vinafaa?

Angalia tarehe, ambayo kwenye karatasi nyingi za vidonge imegongwa pembeni, mahali pale pale mkasi hupita. Ukinunua kiasi, omba kipande chako kibaki na tarehe, au uipige picha kabla hawajakata. Tupa aspirini inayonuka siki, imeshaharibika. Na usiziweke kwenye dashibodi ya gari wala juu ya friji. Droo ya chumbani, mbali na watoto, inatosha.